Lori linapiga stata lakini haliwaki: kabla hujashusha pampu, jua dizeli imeishia wapi

*"Fundi, shikamoo. Nina Mercedes-Benz 1113 ya marehemu baba, injini yake ni OM352 ya silinda sita. Ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka ilipoegeshwa nyumbani Kigamboni, sasa ni mwaka na miezi miwili, na imenyeshewa masika mawili. Tumenunua betri mbili mpya za N100, gari ni ya volti 24. Inapiga stata vizuri ila haiwaki, na kwenye ekzosi hakutoki moshi wowote. Fundi wa kwanza alipuliza spray ya kuwashia kwenye njia ya hewa, ikashika sekunde chache ikazima. Anasema pampu imekufa, ishushwe. Wa pili anasema injini haina kompresheni, yaani haibani hewa, tutafute ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Jirani, dereva wa zamani, anashauri tuivute na lori lingine, au tuchanganye mafuta ya taa kidogo kwenye dizeli. Tanki lina dizeli robo, ile ile ya siku ilipoegeshwa. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?"*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Umeandika mambo mawili ambayo mafundi wako wote wawili wameyapita juu juu: ekzosi haitoi moshi hata kidogo wakati wa kupiga stata, na injini ilishika ilipopuliziwa spray. Ukiyaweka hayo pamoja, sehemu kubwa ya uchunguzi imeshafanyika na hakuna nati iliyofunguliwa.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche wala koili. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. OM352 ina ujazo wa lita 5.675 na inabana hewa karibu mara 17, na hewa ikibanwa hivyo kwa haraka inapanda joto kupita kabisa lile linalotosha kuwasha dizeli. Pistoni inapokaribia juu, nozeli inapuliza dizeli kwa nguvu ya kama bar 200, ukungu ule unakutana na hewa ya moto na kushika wenyewe. Kwa hiyo injini hii inadai vitu vitatu tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ibane hewa vizuri, na ipate dizeli iliyopulizwa vizuri kwa wakati wake.

Sasa turudi kwenye moshi. Dizeli ikifika ndani ya silinda isiwake, haipotei. Inatoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi na kuwasha macho. Lori linalopigwa stata sekunde 10 bila kutoa hata uzi wa moshi linakwambia kwamba dizeli haijafika kwenye silinda. Spray nayo, ambayo ndani yake kuna etha, inahitaji joto la kubana ili iwake. Ni kweli etha inashika kwa joto dogo kuliko dizeli, kwa hiyo kushika kwake si cheti cha afya ya ringi na vali. Lakini injini iliyokuwa nzima siku inaegeshwa, ikashika kwa spray na kuzima spray ilipokwisha, hiyo kwanza inalia njaa. Usinunue injini nyingine kwa ushahidi huo.

Fundi wako wa kwanza yuko karibu zaidi na ukweli, ila amerukia mwisho wa mnyororo. Pampu ya dizeli ndiyo kifaa cha mwisho na cha gharama kubwa kwenye njia ndefu inayoanzia kwenye tanki. Kabla yake kuna bomba la kunyonyea, mipira, kichujio kidogo, fidi pampu (pampu ndogo inayonyonya dizeli tankini na kuipeleka kwenye pampu kubwa) na filta mbili, na kwa gari lililokaa nje masika mawili, vyote hivyo vina sababu ya kuharibika kabla ya pampu yenyewe.

Niondoe kwanza yale ya kuacha. Spray iwekeni kabatini. Etha inawaka mapema mno, wakati pistoni bado inapanda, na ule mgongano unaousikia kama nyundo ndio unaovunja ringi na kingo za pistoni. Baadhi ya OM352 zina hita ya moto kwenye manifoldi ya hewa kwa ajili ya nchi za baridi, na kama yako inayo na bado ina umeme, spray inaweza kulipukia humo humo usoni kwa anayepuliza. Tena fikiria: Dar hata usiku wa Julai hakuna baridi ya kuizuia dizeli kuwaka. Injini inayodai spray hapa mjini ina ugonjwa mwingine, na spray inauficha tu.

Kuvuta pia acha. Kuvuta kunasaidia gari lenye stata au betri mbovu, na wewe stata yako inazunguka. Injini isiyopata dizeli utaivuta mpaka Kibada na itarudi vile vile. Kuna hatari nyingine ambayo madereva wengi hawaifikirii. Maji ya mvua yakiwa yameingia silindani kupitia njia ya hewa au ekzosi, stata itakwama tu, kwa kuwa maji hayabanwi. Lori linalovutwa halikwami, linapinda konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Chomoa dipstiki uangalie oili. Ikiwa imepanda juu ya alama au ina rangi ya chai ya maziwa, usipige stata tena, ita fundi.

Mafuta ya taa ni habari ya zamani. Elementi za pampu hii, yaani pistoni ndogo za ndani zinazosukuma dizeli, zinalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu, hayana ulaini huo. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilipoanza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010, uchakachuaji wa namna hiyo ndio uliokuwa unapigwa vita. Jirani yako huenda aliona magari yakiwaka kwa mchanganyiko huo, lakini hakuwa yeye aliyelipia pampu miaka iliyofuata.

Sasa kazi. Weka gari kwenye niutro, funga breki ya mkono, ziba magurudumu kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Sigara mbali.

"Inapiga stata vizuri" ni neno ambalo napenda lipimwe. Piga alama ya chaki nyeupe kwenye puli ya mbele ya kreki, mhimili mkuu wa injini, mtu apige stata huku wewe unarekodi video kwa simu, halafu ichezeshe polepole uhesabu mizunguko kwa sekunde 5. Ukipata 12 au zaidi, hiyo ni kasi ya mizunguko kama 150 kwa dakika, inatosha. Ukipata 8 au chini yake, joto la hewa linavuja kupitia ringi kabla pistoni haijafika juu, na hata dizeli ikija huenda isiwake. Betri mpya si hakikisho. Zikiwa zimejaa na zimepumzika, mbili kwa pamoja zisome volti 25 na ushee. Wakati wa kupiga stata zisishuke chini ya 19. Zikibaki juu na stata bado ni nzito, tatizo ni nyaya. Kigamboni kuna chumvi ya bahari, na waya wa athi, ule wa kurudishia umeme, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi unaliwa ndani kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Weka ncha moja ya mita kwenye chuma safi cha injini, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, piga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, fungua viungo vya athi, vipige msasa mpaka ving'ae, funga upya. Waya wenye unga wa kijani ndani ya ganda, badilisha wote.

Kitu kinachofuata hakigharimu hata shilingi, na kimewafanya watu wengi washushe pampu bila sababu. Kwenye pampu kuna mkono wa kuzimia injini, unaovutwa na kebo, au kwenye baadhi ya magari na silinda ndogo ya upepo inayofanya kazi pamoja na breki ya ekzosi. Ukivutwa, pampu inakata dizeli. Gari likikaa muda mrefu kebo inapata kutu ndani ya ganda lake, na mkono unabaki pale pale kwenye "zima" hata ukisukuma kitufe ndani ya kabini. Nenda kwenye pampu, chomoa kebo kwenye mkono, usukume mkono kwa kidole. Unatakiwa uende na kurudi wenyewe kwa springi, laini, bila kukwaruza. Ukiwa umekwama kwenye "zima", huenda ugonjwa wako wote ni huo.

Ukiwa huru, hamia kwenye tanki.

Dizeli ya mwaka mzima kwenye tanki lisilojaa, kwenye hewa yenye unyevu kama ya kwetu, inakusanya maji. Usiku ukuta wa chuma unapoa, unyevu unaganda kuwa matone na kushuka chini. Mahali maji yanapokutana na dizeli, bakteria na ukungu huota na kutengeneza utando mweusi unaoteleza, na huo ndio unaoziba kichujio na filta. Fungua bolti ya chini ya tanki, chukua lita moja kwenye chupa angavu ya plastiki, iache itulie dakika 20. Maji yatakaa chini na dizeli juu, utaona mstari kati yao. Ukiona mstari huo, au vipande vyeusi, au maji yenye rangi ya kutu, mwaga yote. Usione uchungu na robo tanki. Pampu ni ghali kuliko dizeli hiyo. Tanki lioshwe likiwa limeshushwa, na kama linavuja, asilichomelee mtu kabla halijaoshwa kabisa na kujazwa maji, maana mvuke uliobaki hulipuka.

Angalia na mfuniko wa tanki. Una tundu dogo la kupumulia, na nyigu wa udongo wanapenda matundu ya ukubwa ule. Tundu likizibwa, fidi pampu inanyonya mpaka tanki linashika utupu na dizeli haitoki tena. Dalili yake ni kwamba ukifungua mfuniko unasikia hewa ikivutwa ndani.

Sasa kipimo ambacho ningekufanyia kabla ya kingine chochote kama ningekuwa na muda wa kipimo kimoja tu. Tafuta kidumu safi cha lita 5, kijaze dizeli mpya, na mpira mpya wa mafuta wenye tundu la kama milimita 10. Chomoa bomba linaloingia kwenye fidi pampu kutoka kwenye tanki, unganisha mpira wako hapo kwa klipu, ncha nyingine iingie kwenye kidumu bila kugusa chini. Kidumu kikae juu kidogo ya usawa wa pampu. Kwa njia hii umeliruka tanki, bomba lote la chesisi na kila kiungo cha njiani. Lori likiwaka kwa kidumu, pampu yako ni nzima na ugonjwa uko nyuma. Lisipowaka, umejua tatizo liko kati ya fidi pampu na silinda, na hapo hutapoteza siku kulala chini ya chesisi.

Hata kwa kidumu, haitawaka mpaka umetoa upepo. Hewa ndani ya pampu ndiyo inayowasumbua watu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Elementi ya pampu inasukuma dizeli kwa kuibana. Dizeli haibaniki, kwa hiyo nguvu yote inafika kwenye nozeli na kuifungua. Hewa inabanika. Kukiwa na kiputo ndani ya elementi, pistoni yake ndogo inapanda, kiputo kinajikunja, inashuka, kiputo kinajikunjua, na nozeli haisikii kitu. Pampu nzima kabisa yenye hewa na pampu iliyokufa zina dalili moja kwa anayepiga stata, ndiyo maana zinachanganywa.

Badilisha filta zote mbili kwanza, na uzijaze dizeli safi kabla ya kuzifunga. Kila robo lita utakayoweka kwa mkono ni robo lita usiyoipampu. Badilisha pia washa za shaba, yale mapete bapa ya kuzibia, kwenye kila bolti utakayofungua, au angalau zichome moto mpaka ziwe nyekundu na uziache zipoe ili zilainike. Washa iliyokwisha kubanwa ikawa ngumu haizibi tena vizuri. Chini ya fidi pampu kuna kikombe kidogo chenye kichujio cha waya. Mafundi wengi hawakigusi. Kifungue, kioshe kwa dizeli na brashi, kagua mpira wake wa kuzibia.

Kisha zungusha kichwa cha pampu ya mkono, iliyo kwenye fidi pampu, kwa kukifungua mpaka kiinuke. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, mzunguko mmoja au miwili. Pampu kwa mkono. Mwanzoni utasikia hewa, baadaye povu, baadaye dizeli yenye viputo, mwisho dizeli safi isiyo na kiputo hata kimoja. Hapo kaza skrubu huku mkono mwingine bado unapampu, si baada ya kuacha. Rudia kwenye skrubu ya pampu yenyewe. Baada ya hapo endelea kupampu mpaka mkono uwe mzito na usikie mlio wa kukoroma kwenye vali ya kurudishia dizeli tankini. Vali ile inafunguka kwenye karibu bar 1 hadi 1.5, ukiisikia, jua nyumba ya pampu imejaa.

Ukipampu mara 50 na mkono bado ni mwepesi kama unapampu hewa tupu, vali ndogo za fidi pampu zimeganda au zina uchafu. Fungua, safisha, weka seti mpya ya mipira na springi. Seti hizo zinapatikana kwenye maduka ya spea za malori Gerezani na hazina uhusiano wowote wa bei na pampu kubwa.

Sasa legeza nati za mabomba ya juu pale yanapoingia kwenye nozeli, spana namba 17, nusu mzunguko tu. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini na apige stata sekunde 10 hadi 15, apumzishe stata dakika mbili, arudie. Kwenye kila nati inatakiwa dizeli itoke kwa kupiga, tone kubwa na kutulia, tone kubwa na kutulia. Zikishapiga zote sita, kaza, piga stata, na kwa wengi hapa ndipo injini inaanza kushika silinda moja moja, inatetemeka, kisha inakaa sawa. Usikose kukifunga tena kichwa cha pampu ya mkono. Kikiachwa wazi kinavuta hewa.

Onyo moja lisilo na mjadala. Usipeleke kidole wala kiganja kwenye bomba au nozeli kutafuta mahali panapovuja wakati stata inazunguka. Dizeli ya bar 200 inatoboa ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo lakini mkono unaoza ndani. Tumia kipande cha boksi. Ikitokea imeingia, ni hospitali saa ile ile, na uwaambie wazi kwamba ni dizeli ya shinikizo, wasikufunge bendeji wakakurudisha.

Hewa inayorudi kila unapoitoa ina mahali inapoingilia, na mahali hapo hapavuji. Hilo linawapoteza wengi: wanatafuta dizeli inayodondoka. Upande wa kutoka tanki mpaka fidi pampu ni upande wa kunyonya, sawa na mrija wa soda wenye ufa. Soda haimwagiki, wewe unavuta hewa. Weka kipande cha mpira wa plastiki angavu, sentimita 20 hivi, kati ya bomba la tanki na fidi pampu, uangalie viputo mtu akipampu. Vikionekana, badilisha mipira yote ya upande huo. Mipira ya zamani inapasuka pale inapobanwa na klipu, na ufa huo huuoni mpaka uukunje.

Tuseme umefanya yote, dizeli inafika kwenye pampu bila hewa, mkono wa kuzimia uko huru, lakini nati za nozeli hazitoi kitu. Sasa, na sasa tu, ndipo tunaiangalia pampu. Kwenye pampu nyingi za Bosch za mstari za injini hizi kuna kifuniko cha pembeni. Kifungue baada ya kuosha nje kote, kwa sababu punje moja ya mchanga ndani ni msiba. Utaona springi sita na chini yake roli zinazosukumwa na kamu. Mtu azungushe stata: kila moja inapanda na kushuka? Ikiwa hakuna inayocheza, muunganisho wa kuzungushia pampu umekatika. Ikiwa moja au mbili zimeganda juu, elementi zimeshikwa na kutu ya yale maji. Sukuma pia reki, ule mchi mrefu unaopita pampu nzima. Uteleze bila kukwama. Iliyokwama kidogo huwa inakubali ukiimwagia dizeli safi na kuiacha ilale usiku kucha, kisha kuisukuma kwa kidole. Nyundo hapana, moto hapana.

Na hapa nakuomba uwe na ubao bapa mkononi, mpana kuliko mdomo wa njia ya hewa, kabla ya kuwasha injini ambayo reki yake ilikuwa imekwama. Ikiganda kwenye dizeli nyingi, injini itapanda mzunguko bila breki na ufunguo hautaizima. Utaizima kwa kuziba hewa. Si kwa mkono, si kwa kitambaa. Vyote vinavutwa ndani.

Elementi zilizoganda, au reki isiyosogea, ni kazi ya fundi wa pampu mwenye meza ya kupimia. Nyumbani usijaribu. Kabla pampu haijashushwa, hakikisha anayeishusha anaweka injini kwenye alama ya silinda ya kwanza na kuchora mstari unaounganisha pampu na mwili wa injini. Asiyefanya hivyo atakurudishia pampu nzuri kwenye injini iliyopotea taimingi, na utaanza upya ukidhani pampu haikutengenezwa. Mwombe akuonyeshe kipimo cha kila silinda kabla na baada, na akupe elementi za zamani mkononi. Fundi mzuri hakasiriki kwa ombi hilo.

Upande mwingine: dizeli inapiga kwenye nati zote, moshi mweupe mwingi umetoka, na bado haiwaki. Huo sasa ni ugonjwa tofauti. Peleka nozeli zikapimwe. Zifunguke kwenye karibu bar 200, zitoe ukungu sawa pande zote, zisidondoshe tone baada ya kufunga. Rudisha kila moja na washa mpya. Pima tapeti, yaani nafasi ya vali, injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea, na uangalie kama kuna vali iliyoganda imefunguka, jambo la kawaida kwa injini iliyokaa. Sikio linasaidia: stata yenye mdundo unaoruka, mara nzito mara nyepesi, ina silinda isiyobana. Hapo ndipo kompresheni inapimwa, kwa geji ya dizeli, kwa sababu geji ya petroli itavunjika. Tarajia zaidi ya bar 20 kila silinda, na tofauti kati ya kubwa na ndogo isizidi 3 au 4. Silinda moja ikiwa chini, kuna vali au gasketi ya kuangalia. Zote zikiwa chini, mpe fundi wa pili haki yake, mzungumzie ovaholi, yaani kuifungua injini na kuitengeneza upya.

Hata hivyo, kati ya ovaholi na injini ya mtumba, mimi naegemea ovaholi kwa OM352, ilimradi bloku haijapasuka. Injini ya mtumba hujui ilikotoka, na ukiibadilisha, namba yake haitalingana na kadi ya gari, itabidi uende TRA kurekebisha taarifa. Kama utanunua, usiilipie ikiwa kwenye sakafu ya duka bila kuzungushwa. Wape betri, waizungushe na kuwasha mbele yako.

Ikiwaka, usishangilie kwa kukanyaga mafuta. Geji ya oili ipande ndani ya sekunde chache, isipopanda, zima. Iache kwenye saileni, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta, dakika 10, pita kwenye kila nati uliyofungua na kipande cha boksi, kaza panapotoka unyevu. Halafu zima, na usiiguse mpaka kesho yake. Asubuhi, kabla ya kupampu chochote, piga stata. Ikishika mara moja, umemaliza, na ule mpira angavu unaweza kuutoa. Ikidai kupampuliwa ndipo iwake, dizeli imerudi tankini usiku kwa sababu hewa bado inaingia mahali. Anza na kiungo cha juu ya tanki na washa zake, kisha kikombe cha kichujio, kisha pampu ya mkono yenyewe, ambayo mpira wake wa ndani huzeeka.